Msamaha wa Kuungaunga

Benchi lenyewe ni ubao juu ya matofali, kati ya mlango wa Kinyozi na kibanda cha Fundi Viatu, na anayekaa katikati huwa mpatanishi atake asitake, maana mabwana hao wawili hawajasemeshana mwaka wa pili sasa. Wakitaka kuambizana jambo hulipitishia kwa Profesa, tarishi mstaafu aliyepewa jina hilo kwa sababu anajua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Siku hiyo katikati alikaa Mkasi, binti wa kaka yake mama muuza kahawa wa pale pale benchini, aliyemaliza kozi ya kuhariri video na kuhangaika na maombi ya kazi miezi saba. Mapajani alikuwa na karatasi mbili za kusainiwa kabla ya saa sita.

— Studio wamenichukua, alisema. Ila wanataka wajomba mnisainie kwamba mmekubali kuonekana.

— Kuonekana wapi? aliuliza Kinyozi.

Mkasi akabonyeza simu. Mwezi uliopita aliweka kamera pale kutwa nzima, wao wakadhani anajifunza tu. Sasa kutwa ile imekuwa dakika tatu. Kinyozi anaonekana akisema kwa upole, "Nisamehe, ndugu yangu." Halafu anaonekana Fundi, anafuta machozi. Halafu Fundi anaitikia kwa kichwa. Basi, imekwisha.

Walipigwa na butwaa. Kinyozi akajishika mdomo kuhakikisha kwamba bado ni wake.

— Mimi huyu bwana sijamwambia maneno hayo.

— Ulisema, mjomba.

— Nilimwambia mteja niliyemchana sikio.

— Na mimi nilikuwa naingiwa na moshi wa jiko la shangazi yako, alisema Fundi. Kichwa nilikiitikia aliponiuliza kama aniongeze kahawa.

— Najua, alisema Mkasi. Mimi nilipanga vipande tu.

Alilisema hilo kwa sauti ndogo. Chuoni walifundishwa hivyo: weka uso huu, kisha uso ule, mtazamaji atalijaza pengo mwenyewe. Hakuna aliyewaambia kwamba nyuso zina wenyewe.

— Jamani, tumekwisha, alisema Profesa. Leo kamuombisha mtu msamaha, kesho atamwozesha.

— Kesho kutwa nitasikia nimeuza duka, alisema Kinyozi, na kichwa nimeitikia.

— Hujafika mahakamani bado, alisema Profesa. Mtu anakohoa, wanakata hapa, wanaunga pale, anajikuta amekiri wizi wa ng'ombe. Mimi naona hata marehemu ataweza kuhutubia mazishi yake mwenyewe.

Muuza kahawa akaweka birika chini.

— Mimi naiwaza harusi yangu. Kwenye ile kanda mume wangu anacheka. Siku ile hakucheka hata mara moja.

Profesa akanywa kahawa iliyokwisha poa.

— Profesa, alisema Kinyozi, mwambie Fundi asisaini.

— Fundi, umeambiwa usisaini.

— Mwambie sikuwa na nia.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili wale wawili kuafikiana. Mkasi aliwaeleza kwamba wako arobaini wanaoisubiri nafasi hiyo, kwamba bila saini anapewa mwingine leo hii.

— Wajomba, pale studio walilia.

— Walilia nini, alisema Fundi, na moshi wenyewe uko huku?

Nyuma yao alikuwa amesimama mama mmoja, mgeni wa mtaa, ameshika ndala iliyokatika mkanda. Alikuwa ameitazama video yote juu ya bega la Mkasi.

— Samahanini, mimi nimeleta kiatu tu. Lakini Fundi, huyu jirani yako angekuomba kweli, ungemjibu nini?

Fundi akaipokea ile ndala. Akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, na mkanda hakuugusa. Muuza kahawa akasahau kikombe alichokuwa anasuuza. Profesa alifungua mdomo, akamtazama Kinyozi apewe ujumbe wa kupeleka.

Hakupewa. Kinyozi alikuwa amegeuka, anamtazama Fundi moja kwa moja, kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona tangu wagombane. Fundi naye akainua macho, halafu hakujua ayapeleke wapi.

Zilibaki dakika kumi kufika saa sita. Karatasi ziliteleza kutoka mapajani mwa Mkasi zikaanguka chini, na alipoziona pale mavumbini alishtuka kugundua kwamba alichokuwa anakisubiri si saini.