Divai Nyekundu ya Mama Emilie

Mheshimiwa Burugumestri wa komini yetu. Papa Isidore, mwenye hoteli hii. Mama Emilie, tunayekuaga leo. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi wenzangu wa jikoni, wa kufua na wa kubeba mizigo: kila mtu apokee salamu zangu kwa cheo chake.

Mimi ni Floribert, mbebaji mizigo. Nilitoka Ankoro miaka kumi na minne iliyopita, shule niliishia darasa la tano, na mgongo huu umebeba kila kreti iliyoshuka bandarini kwa ajili ya hoteli hii. Wenzangu wamenichagua niseme kwa sababu, wanadai, sijui kuficha neno. Leo mtaona kwamba walikosea.

Nani hapa Kalemie asiyeijua kazi ya Mama Emilie? Miaka ishirini na sita ametunza depo ya vinywaji. Uhispania hajafika, hata Kigoma amekwenda mara mbili tu. Lakini mpe divai nyekundu ya Wahispania, iliyolala chupani miaka ishirini, uone. Ataiinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, atazame rangi ya ukingoni, anuse, aizungushe, anuse tena, aonje, ateme ndani ya kopo, ndipo aseme. Siku moja nilimsikia:

"Hii iko na tumbaku kavu, ngozi, na sanduku ya mbao ya bibi. Matunda yake yamekauka, lakini hayajakufa. Muinywe mwaka huu; mwaka kesho itakuwa imechoka."

Nikamwambia, "Mama, basi iko kama mimi."

"Wewe Floribert, ulichoka mbele ya kukomaa!"

Mnakumbuka wageni wa Lubumbashi, miaka mitatu iliyopita? Mama alikuwa ameisimamisha chupa moja ya divai ile siku mbili nzima, mashapo yatulie chini. Akanituma niipeleke mezani. Njiani nikaona matope meusi kwenye kitako cha chupa. Sasa, kwetu Ankoro, munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ukitulia, unga wote unakaa chini, na anayekumiminia bila kutikisa amekunyima chakula. Je, mimi niwanyime wageni? Niliitikisa kwa nguvu zangu zote, tena kwa heshima.

Mgeni wa kwanza alitema. Papa Isidore akasimama: "Emilie, umetununulia matope?"

Mama akaonja mbele ya wote. "Patron, divai ni nzima. Imetikiswa tu."

"Na nani?"

Alinitazama mara moja. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Depo njo yangu," akasema. "Andika jina yangu."

Akaleta chupa ya pili, akaweka taa ya simu nyuma ya shingo ya chupa, akamimina polepole, akakoma mashapo yalipokaribia mdomo. Wageni waliinywa yote, wakaomba nyingine. Lakini barua ya lawama iliandikwa, nayo imo ndani ya dosia yake ya kazi mpaka leo.

Kesho yake aliniita depo, akanipa glasi. "Onja, ujue kitu uliharibu." Tangu siku ile amenifundisha, na leo mimi, mtu wa darasa la tano, natambua divai iliyozeeka vizuri na ile iliyogeuka siki. Ni mji gani mwingine wenye mwalimu wa namna hii? Tunajivuna naye, na hatuoni haya kusema hivyo.

Papa Isidore, leo unampa cheti chenye maneno mazuri, nasi tunakushukuru. Lakini asiondoke na cheti chake mkono mmoja na kosa langu mkono wa pili. Naomba barua ile itolewe. Na ikiwa lazima iwe ya mtu, iandikwe Floribert, mbebaji mizigo. Ukinifukuza, njia ya Ankoro bado naijua.

Wageni wetu, asanteni kwa kunivumilia mpaka hapa. Na wewe Mama Emilie, nimechelewa miaka mitatu. Nakuomba msamaha mbele ya watu, kwa sababu ni mbele ya watu nilinyamaza.