Mikoba ya Bi Pindo Yapimwa Kijiweni

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukaegemezwa kwenye ukuta wa mabati wa karakana ndogo, pale njia ya vumbi inapokutana na barabara ya lami. Kila asubuhi waliketi pale watu wale wale watatu. Faini, aliyekuwa askari wa barabarani, na mpaka leo akiongea hunyoosha kiganja kama anasimamisha lori. Bima, aliyeuza bima miaka mitatu akatoka na hofu ya maisha. Na Kipimo, aliyekuwa akiwashikia wapima viwanja ncha ya pili ya utepe mpaka akastaafishwa, akaondoka na mazoea ya kukadiria kila kitu kwa jicho moja. Chungu, muuza kahawa, aliwachemshia birika kwenye jiko la mkaa. Walichosahau, au hawakujali, ni kwamba mabati hayazuii maneno. Hatua moja nyuma ya migongo yao, ndani ya karakana ile, alikaa Bi Pindo na cherehani yake akishona mikoba ya turubai ya kufunga kwenye baiskeli, na kila walichokisema kilipenya matundu ya misumari kikamfikia kikiwa bado cha moto. Na huyo Kipimo alikuwa kaka yake, tumbo moja.

Asubuhi hiyo Chungu alifika na baiskeli yake ile ile, lakini huku na huku kwenye keria ilining'inia mikoba miwili mipya, rangi ya udongo mkavu, ina mifuniko na bizimu za chuma.

— Chungu, — alianza Faini — hivyo ulivyovining'iniza ni nini?

— Mikoba.

— Naona ni mikoba. Nauliza umemrithi nani.

— Nimenunua. Humo kuna vikombe, kuna mkaa, kuna sukari. Hakuna kinachogongana.

— Bei gani?

Chungu akajifanya anapuliza moto. Walipomng'ang'ania akasema, kwa sauti ndogo:

— Nikipiga hesabu kwa kahawa, kama vikombe mia mbili na arobaini.

Faini alipiga mluzi mrefu. Bima akakitazama kikombe chake kama kwamba kimemsaliti.

— Kumbe tangu mwezi jana nakunywa mkoba wa mtu!

— Vikombe mia mbili na arobaini kwa kipande cha hema! — Faini alinyoosha kiganja. — Simama hapo hapo. Mimi nanunua kiroba cha plastiki, kikichanika nanunua kingine. Kila mwezi nina mfuko mpya. Wewe miaka kumi utakuwa na mfuko wa zamani. Sasa tajiri ni nani hapa?

— Viroba vyangu vimechanika mara nne mwaka huu — alijitetea Chungu. — Juzi kwenye lile tuta vikombe kumi na viwili vilimwagika barabarani. Vyote vumbi tupu.

— Ulikuwa unakimbiza.

— Na birika la moto mkononi?

Ndani, Bi Pindo alikuwa anapaka nta kwenye uzi. Alisonya kimyakimya. Faini aliwahi kuingia karakanani kwake mara moja tu, akashika mkoba kwa vidole viwili kama ameokota panya, akauliza kama hana wa bei ya rafiki. Tangu lini wakawa marafiki, hakusema.

— Tatizo la turubai ni maji — alisema Bima. — Inakunywa maji. Mvua moja tu, inaoza kutokea ndani. Nje unaiona nzima, kumbe ndani imeshakufa siku nyingi.

— Na hiyo si turubai mpya — Faini akaongeza. — Hilo ni hema la jeshi. Imekaa mvuani miaka thelathini, akaja huyo mshonaji akaipiga pasi.

— Pasi hiyo ingekuwa ya ukubwa gani?

— Bima, usinivuruge. Niliwahi kulisimamisha lori limejaa mahema, najua harufu yake.

— Basi kuna jambo kubwa zaidi — Bima alishusha sauti, jambo lisilosaidia chochote mbele ya mabati. — Jiulizeni mkoba mzito namna hiyo unakaa wapi. Juu ya gurudumu la nyuma. Na spoki zikikatika unampelekea nani? Fundi baiskeli. Na fundi baiskeli anakaa wapi? Mkabala na huyu mama! Wamepatana hao. Huyu anakuuzia mzigo, yule anakuuzia spoki.

Faini akacheka mpaka akakohoa. Kisha wote wawili wakamgeukia Kipimo, maana ndiye mwenye damu moja na mshonaji. Hata Bi Pindo aliacha kupaka nta. Moyoni alijiambia hasubiri kitu, na mkono ukabaki hewani unasubiri.

— Mimi namjua — alisema Kipimo taratibu, kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya serikali. — Mshono mmoja unatosha. Yeye anapiga miwili. Mshono wa kwanza ni wa kushika, wa pili ni wa bei.

Wakapiga ubao kwa makofi.

Bi Pindo aliweka uzi chini. Mshono wa pili. Baba yao alikuwa mshona mahema, na alikuwa akiwakalisha wote wawili, yeye na kaka yake, kila mmoja na kipande chake. Mshono wa pili ndio aliowafundisha kwa wiki nzima: wa kwanza hubeba mzigo, wa pili hubeba siku ile wa kwanza utakapochoka. Vipande vya kaka yake, baba alikuwa akivifumua bila neno na kumrudishia. Mwishowe kaka mtu akasema sindano si kazi ya mwanamume, akaenda kushika utepe. Na wiki iliyopita, Alhamisi, huyo huyo alikuja mlangoni akitaka mkoba wa bure. Bi Pindo akamwambia, kaka, nipe bei ya turubai tu, ushonaji ni zawadi yangu. Akamjibu: "Siku hizi damu nayo inalipishwa?" Akatoka. Hayo kijiwe hakikuyajua, na Kipimo hakuwa na haraka ya kukieleza.

Chungu alichukua vikombe vitatu kwenye sinia, akavuka barabara kuwapelekea vinyozi. Alipogeuka tu, Kipimo akasimama.

— Kitu hakisifiwi, kinapimwa. Bima, umesema kinakunywa maji?

— Kinakunywa.

— Basi tukinyweshe.

Akatoa sukari na mkaa kwenye mkoba wa kulia, akaviweka juu ya ubao. Akalinyanyua dumu la maji la Chungu, akalimimina lote mkobani. Bi Pindo alisikia maji yanaingia. Aliinuka, akasogea mpaka mabatini, akaweka jicho kwenye tundu.

— Unavuja! — Bima aliruka. — Nilisema! Tone hilo!

— La pili hilo! — Faini alihesabu kwa kiganja. — La tatu! La nne!

Wakangoja la tano. Mkoba ulikuwa umetuna kama ng'ombe mwenye mimba, umekolea rangi, unang'aa kwa unyevu. La tano halikuja. Bima akapiga magoti chini ya keria. Faini akaugusa kwa ncha ya kidole, akautazama ule unyevu. Upande wa pili wa mabati, Bi Pindo hakushangaa hata kidogo: turubai ya pamba ikilowa huvimba, na matundu ya sindano yakajifunga yenyewe kwa uzi wa nta. Alichoshangaa ni kwamba kaka yake alifundishwa hilo siku moja na yeye, kwenye mkeka mmoja, na alikuwa amelisahau kabisa.

— Ngojeni — alisema Kipimo. — Unajificha. Utaachia yote kwa pamoja.

Walikuwa bado wanangoja uachie Chungu aliporudi na sinia tupu. Akalitazama dumu. Akautazama mkoba. Akaitazama sukari yake juu ya ubao, nzi wameshafika.

— Hayo si maji ya birika la pili?

— Ndiyo hayo hayo — alisema Bima.

— Tulikuwa tunakusaidia kujua kama umeibiwa — alisema Faini.

— Na wala hayajapotea — Kipimo akajitetea. — Yamo humo humo, hayajaenda popote.

— Mlitaka yaende wapi?

Chungu alilitikisa birika: mashapo matupu. Akalichukua dumu lake, akawaonyesha kidole mmoja mmoja.

— Bombani kuna foleni. Kahawa imekwisha, na nyinyi ndio mmeimaliza. Msiguse kitu.

Akaenda zake. Wakabaki watatu na vikombe vitupu, na mkoba uliojaa maji ukiwatazama. Si muda mrefu akatokea mwanamke wa makamo anakokota baiskeli, amevaa koti jeupe la uuguzi na raba zilizojaa vumbi. Aliwasalimu vizuri, wakamwitikia vizuri. Kisha macho yake yakatua kwenye keria ya Chungu.

— Samahani, wazee. Mkoba huu una nini, mbona umevimba hivi?

— Maji — alisema Bima.

— Maji? Tangu saa ngapi?

— Yamo kama nusu saa — alisema Faini, na mara akajuta kusema kweli.

Muuguzi aliegesha baiskeli yake. Akaingiza kiganja chini ya mkoba, akakitazama: kimelowa kidogo tu. Akaufuata mshono kwa kidole gumba kutoka pembe mpaka pembe, wa kwanza, na wa pili. Akafungua bizimu, akaifunga, akaifungua tena. Alikagua bila haraka, kama mtu aliyezoea kukagua.

— Mimi nawasimamia wakunga kumi na mmoja — alisema. — Wanakwenda majumbani kwa baiskeli. Tumenunua mifuko ya bei rahisi mara tatu mwaka huu. Mwezi uliopita mmoja ulipasuka chini, mizani ya watoto wachanga ikaanguka barabarani ikavunjika. Mkunga akafika kwa mzazi hana kitu, akabaki kumkadiria mtoto kwa mikono. — Akageuka kwao. — Nani ameushona huu?

Swali lenyewe lilikuwa jepesi kuliko yote yaliyowahi kuulizwa pale. Faini akaanza kukagua kucha zake. Bima akamtazama Kipimo, akamkwepa, akamtazama tena. Kipimo alikitumbukiza kidole kwenye kikombe kisicho na kitu.

Nyuma ya mabati Bi Pindo alikuwa amesimama, kiganja kwenye bati. Neno moja tu. Hata si lazima aseme dada. Angeelekeza kwa kidevu ingetosha.

— Wazee, naulizia fundi tu — muuguzi alirudia. — Yuko mbali?

— Mafundi wako wengi mjini — alisema Kipimo.

Bi Pindo alifumba macho. Alikuwa ameshasikia mengi kupitia mabati yale: bei, spoki, hema la jeshi. Yote hayo aliyasonya yakapita. Hili halikupita. Akasikia muuguzi anashukuru, akasikia mnyororo wa baiskeli unaanza kulia tiki-tiki kuelekea barabarani.

Hakuvua hata kipande cha ngozi alichofunga kiganjani cha kusukumia sindano. Alizunguka pembe ya karakana kwa hatua ndefu.

— Mama! Mimi ndiye.

Muuguzi akasimama. Wakaongea pale pale, katikati ya njia, bila kuutazama ubao. Jozi kumi na moja za mikoba. Kwanza jozi nne, zijaribiwe mwezi mmoja, kisha zilizobaki. Muuguzi aliposikia bei alivuta pumzi.

— Hupunguzi?

— Nikipunguza, napunguza turubai au napunguza uzi. Uniambie kipi.

Muuguzi alifikiri kidogo.

— Na mshono ukifumuka?

— Nirudishie, naushona bure, hata baada ya miaka mitano. Ukiukata kwa kisu, hiyo si kazi yangu.

— Haya. Anza.

Walipopeana mkono, ubao ulilia. Kipimo alikuwa amesimama. Alikuja anajipangusa suruali, kifua mbele, tabasamu limetangulia.

— Mama, umepata fundi! Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja. Ufundi wenyewe ni wa baba yetu, tumeupata sote pamoja. Mshono wa pili huo, unauona? Hapo ndipo ilipo siri. Ukiwa na shida yoyote, mimi niko hapa kila siku, niulize mimi.

Muuguzi alimtazama. Hakuwa na ubaya wowote usoni, alikuwa na ule utulivu wa mtu anayemuuliza mgonjwa maumivu yalianza lini.

— Mbona nilipokuuliza hukusema?

Kipimo akamgeukia Faini, naye kiganja chake kilikuwa mfukoni. Akamgeukia Bima, naye alikuwa anafunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Muuguzi alingoja, kwa sababu alikuwa ameuliza kweli na alitaka kujua. Bi Pindo naye alingoja. Alimtazama kaka yake machoni, kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi, na pale barabarani hakuna aliyelihitaji jibu hilo kuliko yeye.

Chungu akarudi na dumu begani, akawakuta wamesimama hivyo.

— Kuna nini? — aliuliza.

Bi Pindo alingoja kidogo zaidi. Kisha akamuaga muuguzi, akaenda kukata turubai.