Dakika ya Cyril

Jumamosi hiyo ya Novemba Wilfred alipanda basi la uwanjani na ua jekundu la karatasi kifuani, akinung'unika. "Kuwakumbuka waliokufa vitani ni dakika moja tu ya kimya, na refa wa mwaka jana akaikata. Nawakumbuka mmoja mmoja; hata sijamfikia kaka yangu Cyril, filimbi hiyo."

Mama wa pembeni, mwenye skafu ya wapinzani, akacheka. "Aliogopa tutazomea, mzee. Lakini wewe mwenyewe, kwa mdomo huo, dakika nzima utaiweza?"

"Nipime."

Akavua kofia, akafumba macho. Basi likafika, abiria wengine wakateremka, yeye bado kafumba macho. Dereva alipogeuka kuwahimiza, yule mama, aliyeropoka tangu stesheni, akaweka kidole mdomoni.