Mashine Iliyolala Ilomba

Sogeeni wanangu. Benjamini, kaa hapa, na wewe Veneranda acha kwanza huo uji, maana maneno ninayo na pumzi yenyewe si nyingi. Shamba la bondeni mgawane kama marehemu baba yenu Tadeo alivyopima. Nyumba hii ni ya Veneranda, amenivumilia. Pampu ya maji achukue Benjamini. Imebaki pawatila, hicho kitrekta cha kusukuma kwa mkono, ambayo mnakwepa kuitaja.

Mdogo wenu Kasian alikuja mchana kweupe, akaiwasha, akasema anaipeleka kwenye mgowe wa Danieli. Nani huku Iringa amzuie mtu anayekwenda kwenye mgowe, wakati majirani wameshakusanyika kumlimia mwenzao na pombe imeiva? Geti nilimfungulia mwenyewe, nikamwambia anisalimie Danieli. Kumbe mashine ilikwenda kupakiwa kwenye fuso.

Wewe Benjamini ulikuwa umekificha kile kifaa cha kufuatilia chini ya tangi, na kila jioni ukawa unanionyesha kwenye simu: mama, iko Mbeya, Ilomba, haijasogea. Wewe ulikuwa unaitazama mashine, mimi namtazama mwanangu. Ukaenda na polisi ukairudisha, Kasian akaruka ukuta, na tangu hapo hakuna simu humu ndani inayoniambia alipo. Sikulaumu. Aliiba, na aliniumiza sana. Lakini namkumbuka, jamani, namkumbuka mpaka kikohozi chake akiingia mlangoni.

Sasa shikeni hili. Mashine mtakazonunua, chongeni jina la ukoo kwenye chuma, hendeli ya kuwashia isikae dirishani, na anayeazima, hata kwa mgowe, balozi wa nyumba kumi ajue kwanza.

Ila hii pawatila, mtafuteni Kasian mumpe. Usinikatize, Benjamini. Mpeni mbele ya balozi, iwe mali yake halali. Kifaa msikitoe, na msimfiche kwamba kipo, mwambieni mama ndiye aliyetaka kibaki. Jioni mfungue simu mwone yuko wapi. Mkiona imesimama mahali pamoja muda mrefu, mwende, mkaangalie kama anakula.

Maji kidogo, Veneranda... basi, yanatosha. Mnizike karibu na baba yenu, msinisubirishe sana.

Mungu awatunze, awape mvua na afya... ninyi wote watatu. Watatu, Benjamini. Nasubiri uitikie amina.