Leso ya Mama Wakiuru

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Leo tunamkumbuka Mama Wakiuru wa Kariobangi, mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuugua. Ndiyo, kuugua. Alilala kwenye kitanda cha chuo akiigiza mgonjwa, na wanafunzi wa uuguzi wakajifunza kwake kupima maumivu na kuyatuliza.

"Aliianza kazi hiyo baba alipofariki," asema binti yake, Nyawira. "Baba alilia kwa maumivu wodini, wauguzi wakamwambia, vumilia mzee. Mama hakulisahau hilo neno."

Alikuwa hodari, na mkali vilevile. Mwanafunzi akithubutu kumwambia avumilie, aliketi wima. "Toka nje, uingie tena! Niulize, kutoka sufuri hadi kumi, maumivu ni ngapi? Nikikujibu, niamini."

Sasa wasikilizaji, shikeni hili. Yeye na wanafunzi walikuwa na ishara moja. Mama Wakiuru alijifunika leso miguuni. Akiitupa chini, maigizo yamekwisha, anaumwa kweli.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Patrobas, kijana mpole, aliyefunzwa adabu kwao. Mama akashika tumbo. Akalia mpaka jasho likamtoka. "Leo mathe ni moto!" wanafunzi wenzake wakasema, wakidhani anaigiza, wakapiga makofi. Mama akaitupa leso.

Patrobas aliiona ikianguka. Ishara aliijua. Lakini mbele yake alikuwa mwanamke wa rika la mamake, magoti wazi, na mikono ikatangulia akili. Akaiokota, akageuza uso kwa heshima, akamfunika.

"Pole mama, imeteleza."

Mama akaitupa tena. Akamfunika tena.

Mwalimu wao aliposhtuka kwamba si maigizo, mama alikuwa hawezi kusema. Hospitalini walikuta utumbo umepasuka. Walimfanyia upasuaji, lakini walikuwa wamechelewa. Alipopata fahamu kidogo, alimwita Patrobas.

"Ulinifunika vizuri, mwanangu," akamwambia. "Lakini hukuniuliza."

Usiku ule akafariki.

Patrobas sasa ni muuguzi. Makofi yale bado anayasikia, hata akiwa kanisani. Shuka ya mgonjwa ikianguka, haigusi kabla hajauliza.

Kwa Nyawira na jamaa yote, poleni sana. Msiba huu umetuuma na sisi. Nawe msikilizaji, huenda chumba cha pili kuna mtu anagumia, na umeshaizoea sauti yake. Zima redio. Nenda ukamuulize.