Kofia ya Chama

Basi lilikuwa nusu tupu, na masikio yangu bado hayajazeeka. Mbele yangu alikaa fundi magari mwenye kofia ya chama tawala, na kando yake muuza mboga asiyemjua. Mahakama ilikuwa imeizuia serikali kuvunja soko, na fundi alikuwa anakwenda kwenye kikao cha chama kudai jaji afukuzwe.

"Jaji gani huyo wa kupinga serikali tuliyoichagua wenyewe?" akalalamika.

"Kaka yangu, meza yangu iko soko hilohilo. Hebu nikuulize: pale gereji ukifunga breki, nani anazijaribu?"

"Mwenzangu. Ndiyo desturi yetu. Aliyefunga huona amefunga."

"Na akisema hazishiki, mnamfukuza?"

Fundi akajikuna chini ya kofia. Mimi nikatega kitendawili kimoyomoyo: hanipeleki popote, lakini bila yeye sifiki. Jibu nilikuwa nalo: breki.

"Dada, wewe ni wa upinzani."

"Mimi ni wa bamia na nyanya."

"Hata hivyo, kofia sivui."

"Nani kakwambia uvue? Ukiivua, humo ndani nani atakusikiliza? Kaseme hayo ya breki ukiwa umeivaa."

"Watanizomea."

"Wakikuzomea, pita sokoni nikufungie mboga za kukupoza."

Akacheka bila kupenda. Dereva akakanyaga breki, basi likasimama mbele ya ofisi ya chama. Fundi aliinamisha kichwa akizisikiliza, kama daktari anayesikiliza moyo wa mtu.

"Zinashika," akasema. Akaiweka kofia yake sawa, akateremka.