Mama Aliyemalizia Nyimbo za Mwanawe

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa nne kati ya saba, na wa kwanza wa kike. Waliomfahamu utotoni wanasema alikuwa mpole. Mimi, binti yake ninayesoma wasifu huu, nasema alinyamazishwa mapema.

Alianza shule mwaka 1969, akamaliza darasa la saba mwaka 1975. Alifaulu kuendelea. Bahati mbaya kaka yake, aliyekuwa amerudia darasa, alifaulu mwaka huohuo, na nyumba iliweza kusomesha mmoja. Akasoma mjomba. Leo ni wakili, na tunamshukuru kwa kutuletea viti.

Mwaka 1981 Mama aliajiriwa kuwa dobi wa hospitali, akafua mashuka ya wagonjwa kwa miaka thelathini na sita. Mwaka 1984 alifunga ndoa na baba yetu, wakajaliwa watoto wawili, kaka na mimi. Baba alihama nyumbani mwaka 1999. Amekuja leo, amekaa mstari wa mbele.

Kaka alikuwa mwanamuziki. Alirekodi chumbani kwake, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. Tarehe 9 Agosti 2016 aligongwa na lori, akaacha kwenye kompyuta nyimbo kumi na moja zisizokamilika. Siku tatu baada ya mazishi, rafiki yake wa studio, tuliyemwita Prodyuza, alikuja kuichukua kompyuta hiyo.

"Iache," Mama alimwambia. "Nitazimaliza mwenyewe."

Watu walidhani ni uchungu unaomsemesha. Hata kipanya cha kompyuta alikuwa hajawahi kukishika. Lakini mpangaji wetu, mwanamke fundi mitambo wa redio, alikubali kumfundisha kila Jumamosi mchana: kurekodi, kukata, kubandika, kupunguza makelele, kusawazisha sauti isimezwe na ngoma. Mwezi wa tatu wa masomo Mama alikosea. Alirekodi juu ya wimbo mmoja, akahifadhi, na sauti ya kaka ikafutika moja kwa moja. Hakula siku mbili. Siku ya tatu akagonga mlango wa mpangaji: "Mwalimu, nifundishe kwanza kuweka nakala."

Siku nyingine mwalimu alimwonyesha mahali kaka alipokohoa katikati ya ubeti. "Hapa tunakata, Mama."

"Kikohozi cha mwanangu ukikate ukipeleke wapi?"

Kilibaki. Tulicheka sana, naye akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Mwaka 2019 nyimbo kumi zilikamilika. Mama alimpelekea Prodyuza nakala azisikilize tu, maana alikuwa mtu wa karibu wa mwanawe. Mwaka uliofuata tulikuwa dukani tunanunua sabuni, wimbo ukapigwa kwenye spika. Sauti ya mwimbaji ilikuwa ya Prodyuza, na jina lililotangazwa lilikuwa lake. Mama alinishika mkono. "Hilo gitaa ni la kaka yako. Na hapo, sikiliza, hapo nimekata mimi."

Tulimfuata studio. Hakujisumbua hata kuvua hedifoni. "Mama, haya mambo ya kompyuta wewe unayaelewea wapi?"

Mama akamwendea mjomba, kwa kuwa sheria ndiyo kazi yake. Mjomba akasema, "Mdogo wangu, yaishe. Utajiaibisha na uzee huo."

Kwa wengine yakaisha. Mama alirudi nyumbani, akaifunika kompyuta kwa shuka, na hakuiwasha tena.

Mwaka 2022 figo zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na mpangaji ndiye aliyempeleka na kumrudisha, wakati sisi wenye damu yake tulikuwa na shughuli. Nami nimo. Alifariki dunia Ijumaa, tarehe 3 Mei 2024, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka 62.

Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, ndugu sita, na mpangaji mmoja aliyetupita wote kwa undugu.

Shada lile kubwa lenye utepe limeletwa na Prodyuza. Wazee wa familia wamelipokea. Mimi sijalipokea.

Pumzika kwa amani, Mama. Sisi tuliobaki hatuistahili bado.